Je, Chema Chajiuza? Juu ya Wapenzi wa Jazi na Amana ya Kusifu

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaifundisha kila mwaka madarasani, na aghalabu wanafunzi huipokea bila swali. Maana yake ni wazi. Kitu kizuri hakihitaji mpiga debe, kwa kuwa uzuri wake wenyewe huwavuta watu. Kitu kibovu ndicho kizungushwacho mlango kwa mlango kikisifiwa. Katika makala haya tunakusudia kuipima methali hiyo kwa mizani moja ndogo, nayo ni desturi ya wapenzi wa muziki wa jazi ya kuazimana santuri na kuambizana habari za nyimbo wazipendazo. Desturi hiyo yaonekana kuwa ni jambo la burudani tu. Hata hivyo, ndani yake mna swali la maadili: mtu amwambiapo mwenziwe, “Sikiliza wimbo huu, ni mzuri,” huwa amempa nini, na yeye mwenyewe huwa amejifunga kwa lipi?

Mizani yetu tutaisimamisha Merikit, katika wilaya ya Tororo, na katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Sababu ya kupachagua mahali hapa ni kwamba kwingineko wimbo huvuka kizingiti cha nyumba, na hapa huvuka mpaka wa nchi na mipaka ya lugha kwa wakati mmoja. Wateso wako pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, na Wasamia vile vile. Jirani zao Jopadhola husema lugha iliyo ndugu wa Kijaluo. Mtu wa sehemu hizi aweza kukua akisikia lugha tatu, kisha akaongeza Kiswahili cha sokoni na cha madereva wa malori. Wimbo ufikapo mahali kama hapa hauna mwenyeji mmoja anayeungojea. Hapana budi apatikane mtu wa kuupokea na kuwajulisha wengine.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulieleze neno lenyewe. Jazi tunayoitaja hapa haikomei kwenye ile ya Wamarekani weusi wa New Orleans na Chicago. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Kongo ilipata African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953, na O.K. Jazz ya Franco na wenziwe mwaka 1956. Tanzania ikawa na Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz na Nuta Jazz. Na katika nchi ya Wajaluo ikavuma Shirati Jazz. Bendi hizi zilipiga rumba, chacha, na nyingine benga. Mfuasi wa Louis Armstrong huenda asingetambua kwamba anachosikia chaitwa jazi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusafiri, likafanywa jina la muziki wa kisasa wa kucheza dansi. Mwaka 1960 Armstrong mwenyewe alipopiga tarumbeta yake mjini Léopoldville, mji huo, ambao leo waitwa Kinshasa, ulikuwa na jazi zake tayari. Basi hata jina hili ni tunda la kupeana: watu walipokezana neno, na kila aliyelipokea alilijaza maana ya kwao.

Turudi sasa kwenye methali. Je, nyimbo hizi zilijiuza?

Tutazame njia zilizopita. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe wa Unguja walisafiri hadi Bombay kwenda kuimba ili santuri zitengenezwe. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ilitoa santuri za alama ya GV, zenye muziki wa Kuba, ambazo ziliuzwa sana katika Afrika. Kongo wakazisikiliza, wakaimba kwa Kilingala; na nyimbo za Kongo zikafika kwetu. Santuri za siku hizo zilikuwa nzito, zilivunjika upesi, na kila upande ulichukua dakika tatu hivi tu. Hazikutembea zenyewe. Zilichukuliwa na mabaharia, askari warudio likizo, makarani na watumishi wa reli; na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipita Tororo. Kila mmoja wa wachukuzi hao alikuwa ameamua kwamba katika mzigo wake, penye nafasi ya nguo au sukari, aweke sauti ya mtu asiyemjua. Uamuzi huo ndio sifa ya kwanza iliyopewa wimbo, na ilitolewa kabla ya neno lolote kusemwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Shirati Jazz. Kiongozi wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa Shirati, kaskazini ya Tanzania, mwaka 1940. Kazi yake kubwa aliifanyia Kenya, ambako alifariki mwaka 2006. Aliimba kwa Kijaluo. Santuri yake ilipovuka na kuingia upande wa Tororo, Jopadhola aliweza kuyadaka maneno mengi. Mteso je? Alisikia magitaa yakikimbizana, akayafurahia, na pengine akaishia hapo. Lakini Misiani alisifika pia kwa masimulizi na mafumbo, na mafumbo hayo yaliwahi kumtia mashakani mbele ya wenye mamlaka. Nusu ya uzuri wa nyimbo zake ilimpita mtu asiyekuwa na jirani wa kumweleza: “Hapa anasema hivi, na maana yake ya ndani ni hii.” Jirani huyo alifanya kazi ambayo wimbo peke yake haukuweza kuifanya. Sisi walimu wa lugha tungemwita mfasiri. Wapenzi wa jazi humwita rafiki tu.

Yakaja pia majira ya shida. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na maduka mengi ya mijini yaliyokuwa yao yakabadili mikono au yakafungwa. Bidhaa za kila namna zikawa adimu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa zikitegemea studio na viwanda vya santuri vya Nairobi. Katika miaka hiyo wimbo mzuri ulibaki mzuri vile vile, lakini dukani haukuonekana. Uliendelea kuishi kwa redio, na kwa mikono ya watu waliokuwa nao tangu zamani na wakakubali kuuazimisha.

Twaona basi kwamba methali yetu ina sharti ambalo halitajwi. Chema chajiuza pale tu kilipo sokoni, na pale mnunuzi ana masikio yaliyokwisha zoezwa kukisikia. Sharti hilo lisipotimia, chema hukaa kimya, na huweza kufa kimya. Kwa sababu hiyo twasema kwamba mtu aliyeonja uzuri ana wajibu fulani wa kuutangaza. Hatusemi ni wajibu wa sheria. Ni wajibu wa ujirani, kama ule wa kumwonyesha mgeni kisima kilipo.

Lakini wajibu wa kutangaza hauondoi hatari ya kutangaza vibaya. Maana kibaya nacho chatembezwa na watu wenye ndimi tamu. Hapo twahitaji kanuni ya kuwatenganisha. Rai yetu ni kwamba kusifu ni kutoa ushahidi, na kwa hiyo msifu hufungwa na maadili ya shahidi.

Shahidi mwema husema alichokisikia mwenyewe. Mtu asifuye santuri asiyoisikiliza, kwa kuwa tu wakubwa wameisifu, ni mwenye kusema uwongo hata kama santuri yenyewe ni nzuri. Shahidi hazidishi: akipenda magitaa lakini maneno yakamchosha, atasema yote mawili. Tena shahidi hafichi uhusiano wake na jambo. Mwenye duka aweza kusifu bidhaa yake na asiwe mkosa, maadamu twajua ni mwenye duka. Ubaya huanza pale mwuzaji ajifanyapo rafiki. Mwisho, shahidi huwaachia wengine hukumu. Akisha kusema, hukaa chini.

Katika santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970 umo mfano mzuri wa ushahidi huo. Kwa kuwa upande mmoja ulichukua dakika chache tu, nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza uliandikwa sehemu ya kwanza, na wa pili sehemu ya pili. Aghalabu maneno yalikuwa mwanzoni, na lile chemko la magitaa lilikuja baada ya kugeuza. Mgeni aliyesikiliza upande mmoja akaondoka alikuwa amesikia nusu. Mpenzi wa kweli alimwambia mwenziwe: “Usihukumu kabla ya kugeuza, na ukigeuza, lisikilize gitaa la pili linavyolijibu la kwanza.” Hakumwambia apende. Alimwonyesha mahali pa kutega sikio. Kwa maoni yetu, sifa isiyoonyesha mahali pa kutega sikio ni kelele tu.

Huenda msomaji akatupinga kwa kusema: kila shetani na mbuyu wake. Mapenzi ya muziki hayana hakimu; huyu apenda Franco, yule apenda Mbaraka Mwinshehe, na hapana wa kuwaamua. Ikiwa ni hivyo, ushahidi ni wa nini? Pingamizi hili lina nguvu, nasi twalikubali kwa nusu. Ni kweli kwamba hapana awezaye kumthibitishia mwingine kwamba yampasa kuupenda wimbo. Lakini kwamba gitaa la pili lajibu la kwanza, kwamba mwimbaji huchelewa kidogo nyuma ya ngoma kwa makusudi, kwamba fumbo fulani lina maana mbili, hayo ni mambo yaliyomo katika wimbo, na kila mwenye masikio aweza kuyahakiki. Isitoshe, sote twawajua watu waliojifunza kupenda kitu walichokidharau hapo awali, kwa sababu mwenzao aliwaonyesha walichokuwa hawakioni. Kama mapenzi yasingeweza kufundishika hata kidogo, kazi yetu ya kufundisha fasihi ingekuwa bure.

Zipo namna mbili za kuiharibu amana hii ambazo twaziona mara kwa mara. Ya kwanza ni ya yule ajiitaye mjuzi. Yeye hataji wimbo ila apate kuuliza, “Hata huu hujausikia?” Zawadi aigeuza mtihani, na mwenziwe hutoka pale akiwa ameshindwa badala ya kufurahi. Ya pili ni ya bahili, aliye na santuri ambazo hakuna mwingine azipataye, naye huona kwamba thamani yake itapungua wengine wakizisikia. Mjuzi atoa maneno mengi na kunyima wema. Bahili anyima vyote viwili. Waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walimjibu kila mmoja wao. Tuseme haki lakini: mwenye santuri aweza kuwa na sababu njema ya kutoazimisha. Santuri hukwaruzika, na iliyoazimwa mara nyingine hairudi. Anayekataa kuitoa nje huku akiwakaribisha watu waje waisikilize kwake si bahili hata kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo gumu kuliko yote, nalo ni haki ya mwanamuziki. Kaseti ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea katika Afrika ya Mashariki. Kaseti ilikuwa rahisi kubeba na rahisi kunakili. Kuanzia hapo, kumpa mwenzio wimbo hakukuwa tena kumwazima kitu kimoja ambacho wewe huwa huna mpaka kirudi. Moja ilizaa kumi, na kumi zikazaa mia, na aliyeimba hakupata hata senti. Leo kazi hiyo yafanywa na simu, na wimbo wahama kutoka kadi hata kadi kwa muda mfupi kuliko wa kunywa maji. Sheria zipo: Tanzania ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, na Uganda mwaka 2006. Sheria hata hivyo haiingii katika mazungumzo ya marafiki wawili barazani. Hapo hubaki dhamiri.

Watetezi wa kunakili husema, na kwa kiasi wasema kweli, kwamba nyimbo nyingi zingepotea kama watu wasingezinakili. Santuri zilivunjika, viwanda vikafungwa, na nyimbo nyingine zilizorekodiwa redioni hazikuuzwa kamwe. Kwa wimbo wa namna hiyo, twakubali kwamba aliyenakili aliokoa. Lakini hoja hii haifai kutumiwa kwa wimbo uliopo dukani leo na mtunzi wake yu hai akitafuta kodi ya nyumba. Kumsifu msanii kwa mdomo na kumnyima riziki kwa mkono ni ushahidi unaojipinga wenyewe. Mtu atajibu kwamba hana pesa. Na katika vijiji vyetu jibu hilo mara nyingi ni la kweli. Basi asikilize redioni, asikilize kwa jirani, na siku apatapo kidogo akumbuke deni.

Kuna deni jingine ambalo hata fukara aweza kulilipa, nalo ni jina. Kaseti nyingi zilizonakiliwa zilizunguka bila jina la bendi wala la mtunzi. Juu yake paliandikwa “za zamani” na kutosha. Wimbo “Malaika” unaimbwa duniani kote, na mpaka leo watu hubishana kama mtunzi wake ni Fadhili William au Adam Salim au mwingine. Ubishi wa namna hiyo ndio matunda ya wimbo kupokezwa bila jina. Kumtaja mtu hakugharimu kitu. Anayekupa wimbo asikupe bila jina, na wewe ukiutoa kwa mwingine usiliangushe njiani.

Siku hizi imezuka namna nyingine ya kupendekezewa. Programu katika simu huhesabu nyimbo ulizosikiliza, ikazilinganisha na za watu wengine, kisha ikakuchagulia inayofuata. Hatutaki kuidharau. Mtu aliyeko Merikit aweza leo, usiku wa manane, kuupata wimbo wa Kilwa Jazz ambao zamani usingemfikia. Lakini tusidanganyike kwamba programu hiyo yashuhudia. Haikusikia wimbo, imehesabu tu waliousikia. Ikikupa kibaya haioni haya, wala kesho haitakutana nawe sokoni Busia ukaiuliza. Rafiki aliyekusifia wimbo ameliweka jina lake rehani, na rehani hiyo ndiyo inayoyapa maneno yake uzito. Tena wingi wenyewe umeleta tatizo jipya. Zamani chema hakikuonekana kwa uadimu. Leo hakionekani kwa msongamano, na kibaya chatembezwa kwa fedha za matangazo. Mahitaji ya shahidi hayakupungua. Yamebadili sura.

Kwa nini tumeyaandika haya katika jarida la walimu wa Kiswahili? Kwa sababu sisi nasi tu wasifu wa kitu kisichojiuza. Nchini Uganda, mwaka 1973, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri, na amri haikukifanya kipendwe. Wengi waliendelea kukihusisha na kambi za jeshi. Mwezi wa Julai mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliazimia kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Twalifurahia azimio hilo. Hata hivyo twajua kwamba hapana azimio liwezalo kuingia ndani ya moyo wa mtoto. Katika miaka ile ile ambayo watu waliiogopa lugha hii midomoni mwa askari, wengine waliiimba midomoni mwa Mbaraka, na hawakuamriwa na mtu. Rafiki aliwaambia wasikilize.

Basi mwalimu aingiapo darasani na kitabu, au na wimbo, na ajiulize yale yale tuliyoyauliza juu ya santuri. Je, amekisoma mwenyewe, au anakisifu kwa kuwa kimo katika orodha? Je, aweza kuonyesha ukurasa ambapo mwanafunzi atege sikio? Je, amemtaja mtunzi? Na mwanafunzi akisema, “Mwalimu, nimekisoma chote na sikukipenda,” je, yuko tayari kumsikiliza bila kumpunguzia alama? Hili la mwisho ndilo gumu kwetu, maana tumezoea kushika kwa mkono mmoja ushahidi na kwa mkono wa pili hukumu. Mpenzi wa jazi akikataliwa wimbo wake hucheka, akaenda kutafuta mwingine wa kumletea mwenziwe juma lijalo.

Hatujaitupa methali ya wahenga, wala hatupendekezi iondolewe madarasani. Twapendekeza ifundishwe pamoja na swali lake: chajiuza kwa nani, na nani aliyekileta mpaka hapa? Walimu wenzetu, hasa wale wa pande zote mbili za mpaka wa Busia na Malaba, watakuwa na mifano iliyo bora kuliko yetu. Tungefurahi kama wangetuandikia, wataje wimbo mmoja, jina la mwenye kuutunga, na mahali pa kutega sikio.